Viti vya Chandigarh: vilirundikwa uani kama kuni, leo vinapigwa mnada Ulaya kwa maelfu ya dola

Randa_na_Patasi

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu, kwa hiyo mwenye chai aivute karibu.

Mimi ni seremala, karakana yangu iko Keko, Dar. Mwaka jana alinijia mteja na picha kwenye simu: kiti cha mbao chenye mikono, miguu imetanuka kama ya mtu aliyesimama kwenye ngalawa, kikalio na egemeo vimesukwa henzirani, zile nyuzi za mmea za kusukia viti. Akasema anataka sita. Nikamtajia bei, tukakubaliana. Usiku nikaingia mtandaoni kutafuta vipimo, nikakutana na kiti kilekile, kimechubuka mikono, nyuma kimeandikwa namba ya ofisi kwa rangi nyeupe, kinauzwa kwenye mnada Ulaya kwa maelfu ya dola. Kimoja. Nikarudia kusoma ile bei mara tatu nikidhani macho yananidanganya.

Tangu siku ile nimekuwa nasoma habari zake kila nikipata nafasi, na leo nataka tuzungumze.

Kiti hicho kilitengenezwa Chandigarh, kaskazini mwa India. Mwaka 1947 India ilipopata uhuru na kugawanywa, jimbo la Punjab lilikatwa vipande viwili, na Lahore, mji wake mkuu, ukaangukia Pakistan. Punjab ya upande wa India ikabaki na wakimbizi wengi na haina makao makuu. Waziri Mkuu Nehru akaamua ujengwe mji mpya kabisa. Wa kwanza kupewa kazi ya kuuchora walikuwa Albert Mayer wa Marekani na mwenzake Matthew Nowicki, Mpolandi, lakini Nowicki akafa kwenye ajali ya ndege mwaka 1950. Mwaka uliofuata akaingia Le Corbusier, msanifu majengo maarufu wa Paris, na pamoja naye Waingereza wawili, mtu na mkewe, Maxwell Fry na Jane Drew, waliokuwa wamefanya kazi Afrika Magharibi. Wa nne alikuwa binamu yake Le Corbusier, Pierre Jeanneret.

Huyo wa nne ndiye aliyenivuta. Le Corbusier alikuwa anakuja mara mbili kwa mwaka, anaangalia, anachora, anarudi Paris. Jeanneret alihamia. Alikaa Chandigarh kuanzia 1951 hadi 1965, akawa msanifu mkuu wa mji, akaondoka afya ilipomshinda. Alifariki Geneva mwaka 1967, na majivu yake yakarudishwa India kumwagwa kwenye ziwa Sukhna, ziwa la mji ule, kwa sababu ndivyo alivyotaka mwenyewe.

Sasa fikirini kazi iliyokuwa mbele yao. Mji mzima unajengwa kwa wakati mmoja: Sekretarieti, Mahakama Kuu, Bunge, chuo kikuu, maktaba, shule, nyumba za watumishi kuanzia mkubwa hadi tarishi. Kila chumba kinahitaji pa kukalia, meza, rafu za vitabu, kitanda. Hela ni ya serikali changa, haitoshi. Kuagiza kutoka Ulaya haiwezekani.

Na Jeanneret alikuwa anatoka kwenye samani za chuma! Miaka ya mwisho ya 1920, yeye, Le Corbusier na mbunifu wa Kifaransa Charlotte Perriand ndio waliochora vile viti vya mabomba ya chuma na ngozi ambavyo mpaka leo mnaviona kwenye kumbi za mahoteli na ofisi za mawakili. Angeweza kung'ang'ania chuma chake. Badala yake akatazama nini kipo pale: kuna mtiki, kuna mbao ya shishamu, kuna henzirani, na kuna maseremala wanaojua kazi. Akachora kitu ambacho fundi wa kawaida mwenye msumeno, randa na patasi anaweza kukitoa bila mashine kubwa.

Tazameni kiti cha ofisi, kile chenye mikono. Ukikitazama ubavuni unaona herufi A. Mguu wa mbele na wa nyuma vinakutana juu, chini ya mkono, halafu katikati kuna mbao inayoiunganisha miguu hiyo, na mbao hiyo ndiyo inayobeba kikalio. Ni pembetatu. Sisi maseremala tunajua kiti kinakufa wapi: mtu akiegemea nyuma, akaning'inia kwa miguu miwili, ile kona ya kikalio na mguu inaanza kucheza, ulimi unalegea ndani ya tundu, na baada ya mwaka kinalia kama mlango wa zamani. Pembetatu inakataa kucheza hivyo. Wengine wanaona ile miguu kama pambo, lakini imekaa vile ili karani akae miaka ishirini.

Egemeo limeachana na kikalio, kuna uwazi katikati. Na vyote viwili ni vya kusuka, kwa hiyo hewa inapita mgongoni. Aliyewahi kushinda kwenye kiti cha plastiki au cha ngozi bandia mwezi wa pili, feni imekatika, anaelewa ninachosema.

Mtiki nao una sababu yake. Una mafuta yake ndani, mchwa hauupendi, unyevu hauupindishi kirahisi.

Naishia hapa kwanza. Habari ya jinsi vilivyotupwa naileta nikishafunga karakana.

Msomaji_wa_Ngara

Asante sana mkuu, nimeketi hapa. Swali langu kutoka Nairobi: umesema vilitengenezwa na mafundi wengi wa pale. Je, vilikuwa sawasawa vyote? Na kama havikuwa sawa, huyu anayelipa maelfu ya dola anajuaje kwamba ananunua cha kweli? Hapa kwetu ukipita barabara ya Ngong utaonyesha picha asubuhi, na baada ya wiki moja kiti kiko tayari kando ya barabara.

Randa_na_Patasi

Nimerudi. Msomaji, umegusa penyewe.

Havikuwa sawasawa. Michoro ilikuwa moja, karakana zilikuwa nyingi. Kimoja mkono wake ni mnene kidogo, kingine mguu umechongwa ukawa mwembamba chini, kingine umbali wa matundu ya henzirani umetofautiana. Mimi naona huo ndio uzuri wake. Ukivitazama kumi kwa pamoja unaona mikono ya watu kumi.

Utambulisho wake wa kawaida ni maandishi ya nyuma au ubavuni: kila ofisi iliandika jina lake kwa kifupi na namba ya kiti, kwa rangi, ili kisihame. Siku zile yalikuwa ya mtunza stoo tu. Leo muuzaji anayapiga picha na kuyaweka mbele kabisa, na kwa sababu hiyohiyo wapo wanaoyaandika upya kwenye viti vya juzi. Bei ilipopanda, vya kuigiza vikafuata. Namba peke yake haitoshi. Mimi ningegeuza kiti juu chini. Kiti kilichokaa ofisini miaka hamsini kina historia kwenye unyayo: miguu imelika kwa kuburutwa, upande mmoja zaidi ya mwingine. Kina tundu la msumari alioupiga mtu wa matengenezo kwa haraka. Ndani ya matundu ya henzirani kuna vumbi lililoganda na mabaki ya kusukwa mara ya pili na ya tatu. Vitu hivyo havipatikani kwa kupaka chai na kiwi.

Sasa jinsi vilivyotoka. Miaka ilipita, ofisi zikataka viti vipya vya magurudumu na sponji. Vya zamani vikavunjika mguu, henzirani ikatoboka, na hakuna aliyeagiza visukwe tena. Vikarundikwa uani, kwenye makorido, juu ya mapaa, vinanyeshewa. Kisha ofisi zikaviuza kwa mnada wa mali chakavu, kwa mafungu, bei ya kuni. Wafanyabiashara wa samani kutoka Ufaransa wakaanza kufika, kati yao Eric Touchaleaume, Patrick Seguin, Philippe Jousse na François Laffanour. Walinunua kihalali, kwa mnada wa wazi, wakajaza makontena, wakavipeleka kwa mafundi wao vikasafishwa na kusukwa upya, wakaandika vitabu na kufanya maonyesho. Baada ya hapo dunia nzima ikataka kiti cha Chandigarh. Hata mifuniko ya mashimo ya maji machafu ya mji ule, ya chuma, iliyochorwa ramani ya mji juu yake, imepigwa mnada.

India ilipozinduka ikajaribu kuzuia. Kikwazo kilikuwa sheria yao ya mambo ya kale ya mwaka 1972: inalinda kitu kilichofikisha miaka mia moja. Kiti cha 1955 hakimo. Mwaka 2011 serikali kuu ikatoa amri ya kukataza vitu hivyo kuuzwa na kupelekwa nje, lakini vilivyokuwa vimeshavuka bahari havikurudi.

Mgavi_Mstaafu

Vijana, nimesoma yote. Nimefanya kazi ya ugavi serikalini zaidi ya miaka thelathini, huku kwetu, na nataka niseme kitu kwa upande wa waliouza, maana najua mtawalaani.

Kiti kikivunjika mguu ofisini, afisa anaandika kwenye daftari kwamba kimeharibika. Fungu la kununua viti vipya lipo kwenye bajeti. Fungu la kumlipa fundi aje asuke henzirani halipo, au lipo na limekwisha mwezi wa tatu. Kiti kinakwenda stoo. Stoo inajaa. Mkaguzi anakuja anauliza kwa nini mnatunza takataka. Inaitishwa kamati, vinahesabiwa, vinaandikwa "chakavu", vinapigwa mnada. Kila mtu amefuata utaratibu na ana karatasi ya kumlinda.

Mimi mwenyewe nilisaini karatasi ya namna hiyo. Zilikuwa meza za mninga zenye droo za kuungwa kwa meno, za enzi za mkoloni, nzito, watu wanne ndio wanainua. Zilikwenda na gari moja la mizigo. Kwenye ile fomu hapakuwa na mstari wa kuuliza kitu kilitengenezwa na nani, lini, kwa mbao gani. Kungekuwa na mstari huo tu, ningesita. Bado naziona zile droo.

Randa_na_Patasi

Mzee wangu, shikamoo. Maneno yako nimeyasoma kwa sauti hapa karakanani, vijana wote wakanyamaza. Huo mstari wa kwenye fomu ni jambo kubwa kuliko nusu ya niliyoyaandika mimi.

Binti_wa_Ngamiani

Fundi, hongera kwa uzi. Nipo Tanga. Nina maswali mawili. La kwanza, umesema mwanzoni mahali fulani kwamba michoro ilikuwa ya Jeanneret. Yote? Mtu mmoja aliyekuwa pia anajenga nyumba za mji mzima? La pili, mtiki huo waliutoa wapi, maana sisi Muheza tunao msitu wake wa kupandwa, Longuza, na ninavyoona magogo mengi yanakwenda India.

Randa_na_Patasi

Dada, la pili kwanza. Mtiki kwao haukuwa mgeni, maana India ni moja ya nchi za asili yake. Mtiki wetu ulipandwa mara ya kwanza na Wajerumani, na ni kweli usemavyo: leo mtiki wa Longuza na Mtibwa unakwenda kwa wingi India. Kwa hiyo seremala wa kule anayetengeneza leo kiti cha mtindo huu huenda ameshika mti uliokua Muheza. Nililifikiria hilo nikiwa nimeshika randa, nikasimama kidogo.

La kwanza ndilo lililonifanya nifungue uzi. Hapana, si yote yake. Palikuwa na timu ya wasanifu vijana wa Kihindi, na mmoja wao ni mwanamke ambaye jina lake linastahili kutajwa kila kiti hicho kinapotajwa: Urmila Eulie Chowdhury. Alizaliwa 1923, akasomea usanifu Sydney, Australia, akajiunga na kazi ya Chandigarh mwaka 1951, miongoni mwa wasanifu wa kwanza wanawake wa India. Alijua Kifaransa, akawa anatafsiri barua kati ya Le Corbusier na Nehru. Alichora majengo yake mwenyewe, kikiwemo chuo cha ufundi cha wanawake, akafanya kazi bega kwa bega na Jeanneret kwenye samani, na baadaye, miaka ya 1970, yeye ndiye akawa msanifu mkuu wa mji. Vipo viti na meza ambavyo wanaojua wanaviandika kwa majina yote mawili. Lakini fungua tangazo la mnada: kwa kawaida jina ni moja, la Jeanneret, yule Mswisi.

Simlaumu Jeanneret. Sioni popote kwamba alikuwa mtu wa kujikweza. Kwa maisha yake alikaa kivulini mwa binamu yake, na hata vile viti vya chuma vya Paris kwa miaka mingi watu walivitaja kwa jina la Le Corbusier peke yake, Perriand na yeye wakaachwa nje. Kwa hiyo aliyefichwa jina huko Paris, leo jina lake ndilo linalofunika ya wengine. Sokoni jina moja linauza kuliko majina manne, na wale maseremala waliochonga hawamo kabisa. Namba ya ofisi imeandikwa nyuma ya kiti, jina la fundi halikuandikwa popote. Hilo linaniuma, wakuu, kwa sababu ni la kwangu.

Mwamu_wa_Langoni

Assalamu alaikum. Mimi ni wa Lamu, na mlipotaja kusuka nikashindwa kupita kimya. Kwetu kuna kiti cha enzi: kikubwa, wima, mbao nyeusi, kimetiwa mfupa au pembe, egemeo lake limejazwa paneli za kusukwa kwa uzi. Hicho ni kiti cha heshima, anakalia mgeni au mwenye cheo. Nimefurahi kuona kule kitu cha kusuka kimepewa karani na mwanafunzi.

Mjomba wangu alisuka viti maisha yake yote, na mimi nilikuwa mtoto wa kuloweka. Kwa faida ya wasomaji: henzirani inalowekwa majini kwanza mpaka ikubali kupinda bila kuvunjika. Unaanza na nyuzi za kusimama, mbele kwenda nyuma, tundu kwa tundu. Juu yake unalaza za kukata, kushoto kwenda kulia. Unarudia tena za kusimama, zikae pembeni kidogo ya zile za kwanza. Mzunguko wa nne ndio unaanza kusuka hasa, chini ya moja, juu ya nyingine. Halafu mishazari miwili, mmoja huku, mmoja kule, na hapo ndipo yanajitokeza yale macho ya pembe nane. Mwisho unafunika ukingo. Ikikauka inajivuta, na kikalio kinakuwa kigumu kama ngoma. Mjomba alikuwa akikipiga kwa kidole na kusikiliza. Kikilia, mteja anaitwa. Kisipolia, anafumua.

Msomaji_wa_Ngara

Kaka wa Lamu, hilo la kupiga kwa kidole sitalisahau. Fundi, na vile viti sita vya mteja wako vilifika wapi? Mbona umetuacha njiani?

Randa_na_Patasi

Nilikuwa naogopa kuulizwa, ila nitasema ukweli wote.

Nilinunua mtiki kwa muuzaji mmoja aliyeniapia kwamba umekaushwa. Nilipouinua niliona ni mzito, moyo ukaniambia ngoja, nikapuuza kwa sababu mteja alikuwa anapiga simu kila siku. Nikachonga, nikaunga, nikapiga vanishi. Baada ya miezi mitatu akanipigia: miguu miwili imeachia juu, pale inapokutana chini ya mkono. Nikavirudisha vyote sita. Mbao ilikuwa imeendelea kukauka nyumbani kwake, ulimi ukanywea, tundu likabaki na nafasi. Ile kona ya juu ndiyo roho ya kiti kizima. Mbao mbichi haiwezi kuishika, uwe fundi wa namna gani.

Nikarejesha hela ya viti viwili vilivyovunjika, nikaomba muda. Safari hii nilinunua mtiki wa Mtibwa, nikaupanga mwenyewe kwa vijiti katikati ili hewa ipite, chini ya banda, nikausubiri. Sikutegemea gundi peke yake, nikatia na pini za mbao kwenye kila kiungo. Pembe ya miguu niliikosea kwenye vile vya kwanza pia. Nilikuwa nimeifanya nyembamba, kiti kikawa kinaonekana kimesimama kwa woga. Nikakata kigezo cha ubao, nikakiweka ukutani, nikawa nakaa mbali nakitazama mpaka nikaridhika.

Henzirani sikujua kusuka. Nilimtafuta mzee mmoja hapa mjini aliyeacha kazi hiyo kwa kukosa wateja, nikamwomba aje anifundishe mimi na vijana wangu wawili. Kikalio cha kwanza kilituchukua siku nne, na tulikifumua mara mbili kwenye mishazari. Cha sita tulikimaliza kwa siku moja na nusu.

Chini ya kila kikalio, upande ambao hauonekani mpaka ugeuze kiti, nimeandika kwa kalamu ya moto: mtindo wa Chandigarh, Jeanneret na Chowdhury, kisha mwaka, Keko, na majina ya sisi wanne tuliokitengeneza, jina la yule mzee likiwa la kwanza.

Vitano viko tayari. Cha sita kimesukwa jana, kiko kivulini kinakauka. Mwamu, kesho asubuhi nitakipiga kwa kidole.

Mwamu_wa_Langoni

Kipige katikati, fundi, si ukingoni. Ukingo hulia hata kikiwa kibaya.